Shajara ya mradi: kurejesha majibu 274 ya PSA baada ya toleo bovu la vitendanishi, Dodoma

Shajara hii naiandika nikiwa msimamizi wa ubora katika maabara ya hospitali moja ya rufaa jijini Dodoma. Inahusu kazi ambayo haikuwamo katika mpango wetu wa mwaka, yaani kuondoa kazini toleo moja, yaani maboksi yaliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, la vitendanishi (dawa za maabara) vya kupimia PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, na kuwatafuta wanaume wote waliopewa majibu yaliyotokana na toleo hilo. Nimeacha namba ya toleo, jina la mtengenezaji na chochote kinachoweza kumtambulisha mgonjwa.

Wiki ya 1, Jumanne

Daktari bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo ameshuka maabara mwenyewe akiwa na karatasi ya majibu mkononi. Mgonjwa wake, mzee wa miaka sitini na kitu, amepimwa kwa kidole na tezi dume yake imeonekana kuwa ngumu upande mmoja, lakini PSA tuliyomtolea ni nanogramu 3.4 kwa mililita, chini ya 4.0 ambayo kwa mazoea ndiyo mpaka wa kuanza kutia shaka. Daktari hakuja kulalamika. Aliuliza tu kama tuna uhakika na mashine.

Ni kweli kwamba saratani ya tezi dume inaweza kuwapo hata PSA ikiwa chini ya 4.0, na wapo wenye PSA ya 9 ambao hawana saratani bali wana tezi iliyotanuka au maambukizi. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au gonjwa, na kinachothibitisha saratani ni kinyama kilichochukuliwa kwenye tezi na kusomwa na mtaalamu wa patholojia. Kwa hiyo 3.4 ya mgonjwa mmoja haitoshi kuwa ushahidi wa kosa. Hata hivyo sampuli ya mzee huyo ilikuwa bado ipo kwenye jokofu, nikairudia jioni hiyo hiyo. Ilisoma 3.5.

Wiki ya 1, Jumatano

Kabla ya kuituhumu mashine au kitendanishi, nilianza na mambo mawili yanayojulikana kushusha majibu ya kipimo cha aina hii isivyo kweli. Kipimo chetu hutumia kingamwili mbili: moja huinasa PSA iliyomo kwenye seramu (maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake), na ya pili, iliyobeba alama ya kutoa mwanga, huishika PSA hiyo hiyo upande wa pili, kisha mashine husoma kiasi cha mwanga. PSA ikiwa nyingi kupita kiasi, kila kingamwili hushikwa na PSA yake peke yake, zile mbili hazikutani, na mgonjwa mwenye maelfu anaweza kusomeka kama mwenye kidogo. Dawa ya jambo hili ni kuzimua sampuli. Niliizimua mara kumi, nikazidisha jibu kwa kumi, nikapata 3.4 ile ile, kwa hiyo sababu hiyo ikaondoka.

Jambo la pili ni biotini, vitamini inayouzwa kwenye vidonge vya kukuza nywele na kucha, ambayo ikiwa nyingi mwilini huvuruga baadhi ya vipimo vya namna hii na kushusha majibu yake. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari rasmi kuhusu hilo mwaka 2017. Binti wa mzee, aliyemleta kliniki, alituhakikishia kwamba baba yake hatumii kidonge chochote zaidi ya cha shinikizo la damu.

Ndipo nilipokumbuka kwamba nyuma kabisa ya jokofu kulikuwa na boksi moja la toleo la zamani, lililofunguliwa na kubakia vipimo vichache, na muda wake wa matumizi haujaisha. Nilikalibrisha mashine kwa toleo hilo, yaani niliifundisha upya kusoma kwa kipimo chake, na kuirudia sampuli ya mzee, ikasoma 4.8. Nilichukua sampuli nyingine tano za wiki hiyo bila kuchagua, na zote tano zilipanda.

Wiki ya 1, Alhamisi

Kipimo cha PSA kimesimamishwa. Mkuu wa maabara alitia saini saa mbili asubuhi, na mganga mfawidhi akaarifiwa kabla ya kliniki kuanza. Maboksi yote ya toleo jipya yamefungwa utepe mwekundu, yameandikwa USITUMIE na kuwekwa rafu ya peke yake, kwa kuwa yatahitajika kwa uchunguzi. Taarifa ya maandishi imekwenda kwa wakala aliyetuuzia na kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo kisheria ndiyo inayosimamia vitendanishi nchini kama inavyosimamia dawa.

Wagonjwa kumi na moja waliofika leo na karatasi ya PSA wamerudishwa nyumbani, wawili kati yao wakiwa wametoka Manyoni kwa basi la alfajiri. Niliwaeleza mwenyewe pale dirishani. Nilionelea ni afadhali mtu apoteze nauli kuliko kuondoka na karatasi yenye uongo mfukoni, lakini nauli ya Manyoni si kitu kidogo kwa mkulima, na nimeliandika jambo hilo katika taarifa ya kwanza ili lisisahaulike wakati wa kuhesabu gharama.

Wiki ya 1, Ijumaa hadi Jumamosi

Swali lililoninyima usingizi ni jinsi kosa kubwa kiasi hiki lilivyopita wiki kumi na moja mbele ya macho yetu, wakati kila asubuhi tunapima sampuli za udhibiti, ambazo kiasi chake cha PSA kinajulikana, moja ya chini na moja ya juu, na kuweka alama kwenye chati kabla ya kugusa damu ya mgonjwa yeyote. Nimetoa chati zote za kipindi hicho na kuzitandaza mezani. Ni nzuri. Nukta zimetawanyika pande zote mbili za mstari wa kati, hakuna siku iliyovuka mipaka, hakuna mfululizo wa nukta kumi upande mmoja. Mkaguzi yeyote angetusifu.

Jibu limo ndani ya boksi lenyewe. Mashine haijui nanogramu. Inajua mwanga tu, na kinachougeuza mwanga kuwa nanogramu ni kalibreta, yaani vichupa vyenye PSA ya kiasi kilichotajwa na mtengenezaji. Kichupa kikiandikwa 10 huku ndani kina kitu kinachokaribia 14, mashine itajifunza kwamba mwanga wa 14 ndio unaoitwa 10, na tangu hapo kila mgonjwa atasomeka chini kwa uwiano ule ule. Sampuli za udhibiti tulizokuwa tunatumia zilikuja na toleo hilo hilo, kutoka kiwanda hicho hicho, na thamani zake zilipangwa kwa kutumia kalibreta hizo hizo. Tulikuwa tunamwuliza shahidi aliyefundishwa na mshtakiwa, na kila asubuhi alijibu kwamba mambo ni salama.

Sehemu ya kosa ni yetu, na inapaswa kuandikwa hapa. Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189 cha mwaka 2022, kinashauri maabara ifikirie kutumia sampuli za udhibiti zisizotoka kwa mtengenezaji wa kitendanishi. Tulikuwa nazo zamani, zikaisha, maombi ya kuzinunua yakasogezwa robo moja mbele, kisha nyingine. Vilevile, toleo jipya lilipoanza kazi tulilithibitisha kwa sampuli zake za udhibiti peke yake, bila kupima damu za wagonjwa wale wale kwa toleo la zamani na jipya sambamba. Sampuli tano tu zingetosha kutushtua siku ya kwanza. Nimelisema hili katika kikao cha idara bila kumtaja mtu, kwa kuwa utaratibu wenyewe ndio uliokuwa na pengo na mimi ndiye ninayeusimamia.

Wiki ya 2

Tulihitaji kujua ukubwa wa kosa, maana bila hilo hatuwezi kujua ni nani aliyedhurika. Sampuli 24 zilizokuwa bado zimehifadhiwa vizuri kwenye friza ziligawanywa: sehemu moja ilipimwa hapa kwa vipimo vya mwisho vya toleo la zamani, na sehemu ya pili ilipelekwa kwenye maabara nyingine Dar es Salaam. Mtaalamu wetu mmoja alisafiri na boksi la baridi kwa treni ya SGR, akiwa na kipimajoto ndani yake, na alipofika nyuzi zilikuwa bado ni 4.

Matokeo ya hapa yalikuwa wazi. Toleo jipya lilisoma chini kwa asilimia 28 kwa wastani, sampuli iliyopungua kidogo kuliko zote ikiwa na asilimia 25 na iliyopungua sana kuliko zote ikiwa na asilimia 31. Ya Dar es Salaam yalielekea upande huo huo lakini hayakulingana kabisa na ya kwetu, na nilitumia muda mrefu kuwaeleza wajumbe wa kikao kwa nini hilo halikunishangaza. Mashine za watengenezaji tofauti hazikubaliani hata zikiwa nzima zote. Kati ya zile zilizofuata ukalibrishaji wa kale na zile zinazofuata kiwango cha Shirika la Afya Duniani, tofauti ya asilimia 20 hadi 25 imeandikwa kwa miaka mingi, kiasi kwamba 4.0 ya moja inaweza kuwa karibu na 3.1 ya nyingine. Hii ndiyo sababu nimeomba kwamba wagonjwa wote watakaorudiwa wapimwe kwa njia moja, hapa hapa, mara vitendanishi vizuri vikifika, na wasisambazwe kwenye maabara tatu tofauti ili kuharakisha. Mgonjwa akipata namba tatu kutoka sehemu tatu, atakuwa amepata mashaka matatu.

Wiki ya 3

Barua ya mtengenezaji imefika kupitia kwa wakala. Inakiri kwamba thamani za kalibreta za toleo hilo zilipangwa vibaya kiwandani, inatutaka tuache kulitumia, tuhesabu maboksi yaliyobaki, tujaze fomu na kuirejesha, na inaahidi kutuletea mengine bila malipo. Kuhusu wagonjwa ina sentensi moja: kwamba maabara ipitie majibu yaliyokwisha kutolewa kadiri itakavyoona inafaa kitabibu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Kwa mtengenezaji, kurejesha bidhaa kunakamilika boksi linapohesabiwa. Kwetu sisi hapo ndipo kunaanza, kwa kuwa boksi halina mtu ndani yake.

Hesabu ya maboksi ilionekana rahisi mpaka tulipofungua leja ya stoo. Fomu ya wakala ilisema tuliuziwa maboksi 9. Rafuni kulikuwa na 3 ambayo hayajafunguliwa, na kumbukumbu za mashine zilionyesha 5 yaliyofunguliwa. La tisa halikuonekana popote kwa siku mbili. Mtunza stoo ndiye aliyelipata, si kwenye rafu bali kwenye karatasi ndogo iliyobanwa nyuma ya leja: tuliliazimisha kwa hospitali moja ya wilaya ambayo yake yalikuwa yamekwisha, kama tunavyofanya sote katika mikoa hii ya kati mambo yanapobana. Hospitali hiyo haikuwamo katika orodha ya wakala, hivyo barua ya kurejesha isingeifikia kamwe. Nilimpigia mkuu wa maabara yake saa hiyo hiyo. Boksi lilikuwa bado linatumika, na tayari walikuwa wametoa majibu 58. Kuazimana vitendanishi kumeokoa wagonjwa wengi na sitaki mtu apendekeze tuache, ila kuanzia sasa kila boksi linalotoka kwa kuazimwa litaandikwa namba ya toleo na jina la anayelipokea kwenye leja yenyewe.

Wiki ya 3, mwisho wa wiki

Tumepata orodha. Mfumo wetu wa kompyuta hautunzi namba ya toleo pamoja na jibu la mgonjwa, kwa hiyo ilibidi kufunga mipaka kwa njia nyingine: tarehe na saa ya ukalibrishaji wa kwanza wa toleo bovu hadi saa tulipolisimamisha. Tarehe ya kwanza ilikuwa kwenye karatasi ya mashine ambayo maandishi yake hufifia kwa joto, na joto la Dodoma mwezi wa Novemba halikuisamehe. Tuliisoma kwa kuiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, watu wawili kila mmoja peke yake, kisha tukalinganisha. Majibu ni 274, ya wanaume 261.

Wiki ya 4

Mjadala mkubwa wa wiki hii ulikuwa kama tuwaambie wagonjwa, na tuwaambie nini. Wapo waliopendekeza, kwa nia njema, kwamba tuzidishe majibu ya zamani kwa 1.39 na kutoa karatasi mpya kimyakimya kwa madaktari. Nilipinga kwa sababu mbili. Kwanza, upungufu haukuwa sawa kwa kila sampuli. Kati ya asilimia 25 na 31 kuna nafasi ya kutosha kumvusha mtu mpaka wa 4.0 au kumwacha chini yake, na jibu la hesabu si jibu la kipimo. Pili, mwenye haki ya kwanza ya kujua kwamba aliambiwa jambo lisilo sahihi ni yeye aliyeambiwa.

Nilitoa mfano wa jimbo la Newfoundland na Labrador nchini Kanada, ambako vipimo vya vipokezi vya homoni kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, vilivyofanywa kati ya mwaka 1997 na 2005, viligundulika kuwa na makosa kwa mamia ya watu. Walioandikiwa kwamba hawana vipokezi, kumbe wanavyo, walikosa dawa ya kuzuia homoni ambayo ingeweza kuwasaidia. Tume iliyoongozwa na Jaji Margaret Cameron ilitoa ripoti yake mwaka 2009, na moja ya mambo yaliyowauma watu zaidi ni kwamba wapo waliozisikia habari hizo kwenye vyombo vya habari kabla ya kuzisikia kutoka kwa hospitali yao. Kosa la maabara lilikuwa kubwa, lakini ukimya baada yake uliongeza kosa la pili ambalo hakuna kitendanishi cha kulaumiwa. Mganga mfawidhi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaamua: majibu yote 274 yabatilishwe rasmi, kila mgonjwa anayehitaji kurudiwa aitwe na kuambiwa sababu, na asilipishwe, awe na bima au asiwe nayo.

Kuhusu nani aitwe kwanza, hesabu ilitusaidia. Jibu la kweli la 4.0 lingesomeka karibu na 2.9 kwenye toleo bovu, kwa hiyo hatari ilikuwa kwa waliosomeka kati ya hapo na 4.0, tuliteremsha mpaka hadi 2.5 ili kuacha nafasi ya usalama. Hao ni wanaume 43, na ndio kundi la kwanza. Wanaume 51 waliosomeka zaidi ya 4.0 tayari walikuwa mikononi mwa madaktari, ingawa barua imewekwa kwenye faili la kila mmoja. Wanaume 138 waliosomeka chini ya 2.5, wengi wao chini ya 1, hawabadilishiwi uamuzi wa tiba, na watapewa taarifa na kurudiwa watakapokuja tena au mapema wakitaka.

Wanaobaki ni 29, na hawa walihitaji fikra zaidi kuliko nilivyotarajia. Ni wagonjwa ambao tayari wana saratani na wanafuatiliwa, wengine baada ya kuondolewa korodani kwa upasuaji, wengine wakiwa kwenye sindano za homoni, wachache wakiwa wamemaliza mionzi katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kwao jibu moja halina maana kubwa. Kinachotazamwa ni mwelekeo. Aliyepimwa kwa toleo la zamani, kisha toleo bovu, alionekana kama PSA yake imeshuka kwa zaidi ya robo, na daktari akafurahi. Sasa atakapopimwa kwa toleo zuri, itaonekana imepanda kwa karibu asilimia 40, na daktari asiyejua habari hii anaweza kudhani saratani imerudi na kubadilisha tiba ya mtu asiye na tatizo. Yaani hata marekebisho yetu yanaweza kumdhuru mgonjwa yasipoelezwa. Kwa kila mmoja wa hawa 29, jibu la toleo bovu limefutwa kwenye mfululizo na pengo limeandikwa sababu yake kwa maneno yanayosomeka, na nimezungumza na daktari wa kila mmoja ana kwa ana.

Wiki ya 5

Simu. Wauguzi wawili wa kliniki na mimi tumegawana kundi la kwanza. Mmoja wa wauguzi anazungumza Kigogo na mwingine Kirangi, na tumewapangia majina kwa kutazama mgonjwa anatoka wapi.

Tuliandika kwanza maneno ya kusema, tukayabadilisha mara nne. Namba iliyo kwenye faili mara nyingi si ya mgonjwa. Ni ya mwanawe, jirani, au mwenye duka aliye karibu na barabara. Kwa hiyo neno saratani halitajwi, na neno tezi dume halitajwi, mpaka mzee mwenyewe awe kwenye simu na ajitambulishe. Anayepokea anaambiwa tu kwamba ni hospitali na kwamba tunaomba kuzungumza na mzee. Pendekezo la kupitia kwa watendaji wa vijiji lilikuja haraka, kwa kuwa wao wanampata kila mtu, na lingeturahisishia kazi, lakini tulilikataa. Mwanaume mwenye umri huo aliyekubali kupimwa sehemu hiyo ya mwili amevuka aibu kubwa, na si sisi wa kuipeleka habari yake kwenye ofisi ya kijiji.

Naandika mazungumzo ya simu moja kwa kuwa yalibadilisha namna nilivyozungumza na waliofuata. Mzee wa upande wa Kongwa alipokea mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nilijieleza. Nilimwambia kwamba dawa ya kupimia iliyotumika kwenye damu yake ilikuwa na hitilafu kutoka kiwandani, kwamba majibu yake yanaweza kuwa chini ya ukweli, na kwamba tunamwomba aje tumpime upya bila malipo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema:

"Sasa mwanangu, mliponiambia niko salama, mlikuwa mnasoma nini?"

Sikuwa na jibu la kitaalamu linalofaa kwenye simu. Nilimwambia kwamba tulisoma kile mashine ilichotuonyesha, kwamba tulipaswa kuihakiki zaidi, na kwamba kwa hilo tunamwomba radhi. Akasema atakuja Jumatatu, baada ya kumaliza kupanda mtama, na akauliza kama anaruhusiwa kunywa chai asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nikakutana na swali la chai. Nilimjibu kwamba anaruhusiwa. Kabla ya simu hiyo maneno yetu ya kusema hayakuwa na neno la kuomba radhi; kuanzia hapo yanalo, na linasemwa kabla ya maelekezo yoyote.

Hadi Ijumaa tumewapata 31 kati ya 43.

Wiki ya 6

Vitendanishi vipya vimefika. Safari hii vimethibitishwa kwa sampuli 20 za wagonjwa zilizogandishwa, nyingi zikiwa karibu na mpaka wa 4.0, pamoja na sampuli za udhibiti kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Tofauti na toleo la zamani haikuzidi asilimia 4. Kipimo kimefunguliwa.

Kila anayekuja kurudiwa anaulizwa kwanza kama ana homa au maumivu ya kukojoa, kama amewekewa mpira wa mkojo siku za karibuni, na kama anatumia finasteride au dutasteride, dawa za kupunguza tezi zinazoshusha PSA kwa takribani nusu baada ya miezi sita. Wauguzi waliona haya mwanzoni kuwauliza wazee kama wamekutana na wenza wao katika siku mbili zilizopita, ambalo nalo hupandisha PSA. Daktari alilichukua swali hilo yeye mwenyewe.

Wiki ya 8

Wamepatikana 40 kati ya 43, na 37 wametoa damu upya. Kati ya hao, 19 wamevuka 4.0. Hao 19 walikuwa wameondoka kwetu na karatasi inayosema wako chini ya mpaka.

Nauli imekuwa kikwazo kuliko hofu. Wakala alileta vitendanishi lakini hakuwa na fungu la kumleta mtu kutoka Chemba hadi mjini. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali imebeba wagonjwa tisa. Hospitali ya wilaya tuliyoiazimisha boksi imefanya jambo la busara kuliko sisi: inachukua damu kwenye vituo vya afya siku ya kliniki, inatenganisha seramu hapo hapo na kuileta kwenye baridi, hivyo mzee haondoki kwenye kata yake. Wiki hii tumeanza kuwafuata kwa kuiga njia hiyo.

Wiki ya 11

Kati ya wale 19, watano walikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Baada ya dawa na kusubiri wiki kadhaa, PSA yao imeshuka na wanaendelea kuangaliwa. Watatu wameomba muda wa kushauriana na familia zao. Kumi na mmoja wamechukuliwa kinyama. Majibu ya patholojia yametoka leo mchana, na wanne wana saratani.

Mzee wa 3.4, ambaye daktari wake alishuka maabara na karatasi mkononi, ni mmoja wa wanne hao. Daktari ananiambia kwamba kwa wote wanne ugonjwa unaonekana bado haujatoka nje ya tezi, kwa kadiri vipimo vya sasa vinavyoonyesha, na kwamba wiki walizochelewa hazitarajiwi kubadilisha tiba yao. Nimelipokea hilo kwa shukrani, lakini katika taarifa ya mwisho sitaliandika kama utetezi wetu. Kama daktari yule angeiamini karatasi kuliko kidole chake, ucheleweshaji huo usingehesabiwa kwa wiki.

Wiki ya 13

Taarifa kamili imekwenda TMDA ikiwa na matokeo ya sampuli 24, chati zetu za udhibiti na habari ya boksi lililoazimwa. Maboksi 3 yaliyokuwa hayajafunguliwa yamechukuliwa na wakala kwa hati. Sampuli za udhibiti za mtengenezaji mwingine zimewekwa kwenye orodha ya vitu ambavyo manunuzi yake hayaahirishwi, na mganga mfawidhi ametia saini. Fundi wa mfumo wa kompyuta ameongeza sehemu ya namba ya toleo; bado inajazwa kwa mkono, na nimemwomba aifanye isiweze kurukwa.

Wanaume watatu wa kundi la kwanza hawajapatikana. Mmoja, mwanawe anasema, amehamia kwa ndugu Morogoro, na namba mpya imeahidiwa. Wa pili, barua iliyofungwa imepelekwa na mhudumu wa afya wa jamii ambaye hajaambiwa kilichomo, na tunasubiri. Wa tatu ni mfugaji wa upande wa Bahi ambaye simu yake haijawahi kupatikana siku za kazi. Jirani yake aliyemwandikisha ametuambia kwamba mzee huiwasha simu anapokuja mnadani, ambako kuna mtandao, na mnada wa kule ni Jumamosi. Nimeomba simu ya kliniki ikae kwangu Jumamosi hii, kuanzia saa nne asubuhi.